Chapuo Alasiri, Bumbumbu Alfajiri

Mwanaima alimaliza kukuna nazi, akaiegemeza mbuzi ukutani, akanawa mikono na kutafuta leso ya kujifunga kiunoni. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha na harusi ya binti wa Kanze ilikuwa imefikia mahali pake pa ngoma. Kiwanjani, wapigaji watatu walikuwa wameshaketi. Sanga alikuwa na chapuo, ile ngoma ndogo. Tsofa alikuwa na vumi, ya kati. Fondo alikuwa na bumbumbu, kubwa ya kupigwa kwa fimbo. Walitazamana, wakaanza pamoja kwa nguvu zao zote, na ikasikika chapuo peke yake.

Wanawake wa Mwanyundo walijipanga mstari, wakacheza. Mbele yao, hatua chache tu, palikuwa na mstari mwingine ambao haukuwa na mtu. Ulikuwa umefagiwa na kunyunyiziwa maji usitimue vumbi, na kuku aliyetaka kupita alifukuzwa, kwa kuwa mahali pale palikuwa pa watu. Wenyewe, wanaume, walikuwa dukani barabarani, njia ya kwenda Kikoneni, wanakunywa kahawa na kubishana habari za mpira. Wao wangecheza kesho.

Baada ya magharibi, wakati wali umeshapakuliwa na ngoma zote tatu zimelazwa ghalani chini ya jamvi, lilisikika vumi. Lilitoka kiwanjani, pale pale Tsofa alipokuwa ameketi, na Tsofa mwenyewe alikuwa kwenye sinia na wenziwe, kidole kimoja kwenye mchuzi. Watu waliacha kutafuna mpaka likaisha. Kisha wakaendelea kula. Alfajiri, wanaume walipotoka msikitini walikwenda kiwanjani moja kwa moja, wakajipanga kwenye mstari wao, na bumbumbu la Fondo la jana likaanza. Walicheza vizuri sana. Mbele yao palikuwa na nyayo za wanawake.

Kadi za harusi za Mwanyundo huandikwa hivyo hivyo, kina mama alasiri, kina baba alfajiri, na wageni wa kutoka Ukunda hulalamika kwamba harusi moja inawatoa kazini siku mbili. Wenyeji huwaambia wabebe shuka.

Zamani ngoma zilikuwa zikisikika pamoja, na aliyezitenganisha anajulikana. Ni Amin, mwana wa Kavumbi, na hakuna aliyewahi kumgombeza.

Kavumbi alikuwa mfugaji, na Amin alikuwa hodari wa kupoteza mbuzi. Alikuwa akikaa na akina Sanga tangu mdogo, akawaoteshea ngoma moto wa makuti ngozi zikaze, akajifunza zote tatu kwa kumpokea kila anayekwenda kunywa maji. Alipokua alipata kazi ya kufagia bustani katika hoteli moja ya Galu. Hoteli ile ilikuwa na bendi ya jazi iliyowapigia wageni wakati wa chakula. Mpiga dramu wao alikwenda likizo kwao asirudi, na meneja, aliyekuwa amemwona Amin akichapa ndoo kwa vijiti vya fagio, akamwambia apande jukwaani hadi apatikane mtu. Hakupatikana mtu miaka minne.

Amin alipokaa mara ya kwanza kwenye kile kiti kidogo cha duara aliona jambo lililomfurahisha hata akacheka peke yake. Mkono wa kushoto ulikuwa Sanga, wa kulia ulikuwa Tsofa, mguu wa kulia ulikuwa mzee Tembo, aliyekuwa na bumbumbu siku hizo. Wanaume watatu walikuwa wameingia katika mwili mmoja na bado mguu wa kushoto ulikuwa huru kuchezesha matoazi. Wageni walikula kamba na hawakusikiliza, na yeye alipenda wasivyosikiliza, kwa maana aliweza kupenyeza ngoma ya Mwanyundo chini ya nyimbo za Wamarekani bila kuulizwa. Jioni moja mhadhiri wa muziki kutoka Nairobi aliweka uma wake chini. Ndivyo Amin alivyopata nafasi ya kusoma.

Wakati huo Mwanaima alikuwa msichana, na mahali pake kwenye mstari wa wanawake palikuwa mkabala na mahali pa Amin. Wanawake wa Mwanyundo hukanyaga kwa chapuo na wanaume kwa bumbumbu. Vumi ni la wote wawili. Linapopanda, mistari miwili hutembea ikakutana katikati, kila mtu na wake, wakasimama uso kwa uso kwa muda wa pumzi chache, wakarudi nyuma. Watu wa pale walikuwa wakichaguana hapo katikati. Amin na Mwanaima walikuwa wamekutana hapo harusi nyingi, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wameanza kulitaja jambo lao kwa sauti za kawaida.

"Miaka miwili tu," Amin alimwambia siku ya kuondoka.

"Nenda," Mwanaima alisema. "Mimi nipo, sina safari."

Alirudi kabla ya miaka hiyo kwisha, lakini alirudi kikazi. Alikuwa na tepu kubwa ya kunasia sauti begani na maikrofoni iliyofungwa soksi. Alikuwa anaandika tasnifu juu ya ngoma za kwao, na msimamizi wake alikuwa amemwagiza anase kila ngoma peke yake, kwa sababu tatu zikilia pamoja haiwezekani kuziandika kwenye karatasi.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Ngoma za Mwanyundo huoteshwa moto pamoja, hubebwa pamoja na hupigwa pamoja. Hata kujaribu ngozi kama imekaza, hujaribiwa mbili. Mpigaji mmoja akichelewa, wawili humngoja, na akifa, ngoma yake hulegezwa kamba na zile nyingine hunyamaza mpaka apatikane wa kukaa mahali pake. Amin aliyajua hayo tangu hajaota meno, na mzee Tembo alimkumbusha.

"Mwanangu, hizi hazipigwi moja moja. Moja ikilia peke yake huwa inawaita wenziwe."

"Itaita tu, mzee. Kisha tutanyamaza."

"Na hao walioitwa wakija, wakakuta hakuna mtu?"

Amin alicheka, na mzee Tembo akacheka pia, kwa sababu alimpenda. Wazee wa Mwanyundo wana udhaifu mmoja, hawawezi kumnyima kitu mtoto wao anayesoma. Wangemwambia hapana mkuu wa wilaya. Mtoto aliyetoka kwao akaenda Nairobi, akarudi na soksi kwenye maikrofoni, wangempa hata paa la nyumba. Basi walikubali. Sanga alipiga chapuo peke yake darasani, baada ya alasiri, wanafunzi walipokuwa wamekwenda nyumbani. Tsofa alipiga vumi kwenye zizi la kaka yake baada ya magharibi, upepo ulipotulia. Mzee Tembo alipiga bumbumbu alfajiri, kabla mashine ya kusaga unga haijawashwa. Amin aliandika saa kwenye kila kasha la tepu. Alikula mahamri kwa Mwanaima, akamwambia muda si mrefu, akapanda basi.

Harusi iliyofuata, wapigaji walianza pamoja na ikasikika chapuo tu. Walidhani ni ngozi. Walizirudisha ngoma motoni, wakapiga tena, likalia chapuo. Wanaume walisimama kidogo wakaona haya, wakakaa. Vumi lilipokuja baada ya magharibi na bumbumbu alfajiri, mzee Tembo alitoka nje na shuka lake begani, akasikiliza kwa makini, akasema, "Zimekuja. Ila kila moja imekuja kwa wakati wake." Aliongeza kwamba jana alikosea pale kwenye mgeuko wa tatu. Tangu hapo ikawa kawaida yake, kila siku ya pili ya harusi, kukaa kwenye kigoda alfajiri na kujikosoa.

Watu walizoea. Kuna mambo mengi ya kuzoea na hilo lilikuwa moja. Ila vijana walikosa mahali pa kukutana. Wasichana waliwajua wavulana kwa nyayo walizozikuta kiwanjani asubuhi wakija na mifagio, na wavulana nao waliwajua wasichana hivyo hivyo. Mtu akasema yule mwenye kisigino kilichojikunja anacheza vizuri, ni nani? Nyayo hazitoshi kuoana. Wengi walioa na kuolewa nje, Msambweni, Lungalunga, huko walikokutana na watu wenye nyuso, na nyumba za Mwanyundo zikaanza kupungua milango.

Amin alitetea tasnifu yake Nairobi. Aliketi kwenye dramu mbele ya wasahihishaji ili awaonyeshe jinsi sehemu tatu zinavyoshikana, na ukumbini ikasikika sehemu moja. Wasahihishaji waliandika kwamba maelezo ni mazuri na wangependa kusikia zilizobaki. Mmoja alikaa hadi magharibi. Wawili walirudi alfajiri na chupa ya kahawa, wakasikiliza bumbumbu likilia katika ukumbi uliofungwa, wakatia sahihi. Amin alilitaja jambo hilo katika tanbihi, kwa maandishi madogo, akapewa shahada yake.

Kisha akapata kazi ng'ambo, katika mji wenye theluji, na miaka ikaenda. Mchana alifundisha. Jioni alipiga jazi katika klabu ya chini ya ardhi, na alikuwa mpigaji mzuri, mwepesi wa mkono, anayejua kunyamaza. Walimwandika magazetini. Kila alichopiga kilisikika palepale, isipokuwa ngoma ya kwao. Akiigusa hata kidogo katikati ya wimbo, chapuo, vumi na bumbumbu ziliondoka zikaenda kungoja saa zao, na saa zenyewe zilikuwa za Mwanyundo. Angekuwa kwenye foleni ya benki, bumbumbu likamlilia sikioni, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba kwao kumekucha. Akawa anaipiga makusudi. Alikuwa na saa nzuri ya mkononi na kalenda ya chuo, lakini alitaka kujua kunapokucha kwao.

Tsofa ndiye aliyempigia simu kumwambia Mwanaima ameolewa. Amekaa muda wa kutosha, Tsofa alisema, hakuna wa kumlaumu. Aliyemwoa alikuwa Suleiman, mtu wa Bodo, mwuza kaa, mtu mwema asiyecheza ngoma. Amin alimshukuru kwa habari. Alimkumbuka Mwanaima siku hiyo na siku nyingine zote, na hilo halikuwa siri hata kwa wanafunzi wake, waliozoea kumwona akinyamaza katikati ya somo kila ilipofika saa fulani. Hakuoa. Alisema kazi ni nyingi.

Mzee Tembo alikufa mwaka juzi. Alipiga bumbumbu alasiri kwenye harusi moja, akala wali kidogo, akasema amechoka, akalala na hakuamka. Ilipofika alfajiri mwili wake ulikuwa umelazwa ukumbini na bumbumbu lake likaanza kiwanjani. Wanaume walitoka wakalicheza lote mpaka mwisho, na mtu hakushika jembe la kaburi mpaka mzee alipomaliza. Wote walisema safari hii hakukosea popote.

Habari hiyo ndiyo iliyomrudisha Amin. Alistaafu, akasafirisha dramu yake kwa meli hadi Mombasa, na kutoka Mombasa kwa pikapu hadi kwenye boma la marehemu baba yake. Mvi zimemjaa, magoti yanamlalamikia. Alikwenda kaburini kwa mzee Tembo, kisha akapiga hodi kwa Mwanaima, ambaye Suleiman alikuwa amemwacha mjane miaka kadhaa nyuma, na wajukuu wawili.

"Karibu, Profesa," Mwanaima alisema. "Umekuja na soksi?"

Alimpa chai ya tangawizi na kigoda cha kukalia. Walizungumza habari za mvua. Alasiri hiyo kulikuwa na ngoma ya jando, na Amin alikaa dukani na wanaume wenziwe, akasikia chapuo likilia mbali. Mwanaima alikuwa akicheza nyuma ya nyumba tatu na yeye ameshika kikombe. Alimwambia Tsofa kwamba hawezi kuishi hivi.

"Sisi tunaishi," Tsofa alisema.

Amin aliwaza kwamba zile sauti zimekwama kwenye tepu. Tepu zikiletwa Mwanyundo na kuchezwa zote tatu kwa pamoja, zitaitana zije wakati mmoja. Akapiga simu chuoni. Mtunzaji wa sauti siku hizi ni mwanamke mmoja aitwaye Eunice, mtu mwenye adabu.

"Shikamoo, Prof. Hizo tepu ziko safe kabisa, ziko kwa chumba baridi."

"Marahaba, mwanangu. Ninazihitaji huku Kwale, siku moja tu."

"Aki Prof, kutoa nje haiwezekani. Lakini unaweza kuja usikilize hapa. Ni moja kwa siku, na headphones."

"Ninataka zisikike tatu pamoja."

"Hiyo inahesabika kama kazi mpya. Lazima uombe ruhusa ya mwenye haki."

"Mwenye haki ni nani? Tembo amefariki. Sanga na Tsofa wapo, ninaweza kukupa uzungumze nao sasa hivi."

"Mwenye haki ni chuo, Prof," Eunice alisema kwa upole. "Wewe mwenyewe ulisaini."

Ombi lake lilipokelewa. Wamemjibu mara kadhaa kwamba linashughulikiwa.

Alibaki na viungo vyake. Aliwaza kwamba wanaume watatu wanaweza kutenganishwa, lakini mwili mmoja utatenganishwa vipi? Alizitoa dramu kwenye maturubai, akaziweka uwanjani kwake, akawaita watu alasiri. Walikuja kwa heshima, wanaume kwa wanawake, wakakaa pande mbili. Mwanaima alikuwa mbele. Amin alipiga ngoma ya Mwanyundo kama hajawahi kuipiga tangu Galu, kushoto chapuo, kulia vumi, mguu bumbumbu, jasho likamtoka hadi kwenye miwani. Ikasikika chapuo. Wanawake wakaitikia kwa mabega, kwa mazoea. Wanaume walitazama mguu wake wa kulia ukipanda na kushuka.

Alipomaliza, Tsofa alimshika mkono. "Umepiga vizuri, nadhani. Kesho tutajua."

Alfajiri walijua. Mguu wake ulikuwa umepiga barabara, ila mwisho ulikimbia kidogo.

Baada ya hapo Amin alijifungia siku mbili tatu. Alikuwa na uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa wa kisomo. Alitaka kusimama mbele ya Mwanaima kiwanjani, vumi lipande, watembee wakutane katikati. Hakutaka kingine duniani. Alikuwa amezunguka mabara matatu na jambo lenyewe lilihitaji hatua chache.

Mwanaima alimfuata nyumbani kwake mchana, na sahani ya mihogo ya nazi iliyofunikwa kawa. Hanifa, mjukuu wake, alikuwa anaolewa Ijumaa na kijana wa Galu, na kulikuwa na mengi ya kupanga, lakini alikaa.

"Hanifa anaolewa mbali," Amin alisema.

"Amekutana naye kazini hotelini. Angekutana wapi na mtu hapa?" Alimfunulia sahani. "Kula. Amin, unajua kwa nini wanaume hawaji kusimama alasiri, hata kutazama tu?"

Alijua. Kiwanjani Mwanyundo, mtu aliyesimama mkabala na mwenziwe ngoma ikilia, na asiinue mguu, amemkataa. Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa. Hakuna maneno wala wazee kutumwa. Unasimama, mwenzio anacheza mbele yako, nyayo zako hazitikisiki, na kila mtu anaona. Aliyekataliwa humaliza ngoma yake, huondoka, na huwa huru siku hiyo hiyo. Kwa hiyo, bumbumbu lilipohama, hakuna mwanamume aliyethubutu kwenda kusimama mbele ya wanawake bila ngoma ya kumwinua mguu. Ingekuwa ni kuwakataa wote.

"Ijumaa njoo usimame," Mwanaima alisema.

"Mbele yako?"

"Mahali pako pale pale."

"Sitaweza kucheza, Mwanaima. Wataona nimekukataa."

"Hukunikataa?"

Amin aliweka muhogo chini.

"Wenzangu wote walioachwa na wanaume kijiji hiki, waliachwa na mtu aliyesimama," Mwanaima alisema. Hakupandisha sauti. "Walimwona. Wakamaliza ngoma, wakaenda zao. Mimi niliachwa na mahali. Nimekucheza nikiwa na Suleiman ndani, Mungu amrehemu, nimekucheza nikiwa na mimba, nimekucheza mjane, na wewe hupo. Utamalizaje ngoma ya mtu ambaye hayupo? Njoo unikatae, Amin, nikikuona."

"Mimi sikutaka kukukataa. Sitaki hata sasa."

"Najua hutaki," alisema, akakifunika kilichobaki. "Njoo hivyo hivyo."

Ijumaa, baada ya alasiri, akina Sanga walianza kupiga na chapuo likasikika. Wanawake walijipanga. Amin alitoka upande wa dukani akiwa na kanzu yake nyeupe na kofia, akakata kiwanja peke yake, akasimama kwenye ule mstari uliofagiwa.  Kanze alimgusa jirani yake kwa kiwiko, na Hanifa, aliyekuwa ameketi kwa mapambo yake, aliinua ushungi usoni aone vizuri.

Mwanaima alicheza. Kwanza alicheza kwa utulivu, kama mtu anayepima ardhi, kisha leso ikakaza na mabega yakafunguka, na alikuwa msichana na alikuwa bibi kwa wakati mmoja, na wote waliokuwepo walimwona hivyo. Alimtazama Amin usoni tangu mwanzo hadi mwisho. Upande wa pili Fondo alikuwa akilipiga bumbumbu kwa fimbo, mishipa imemtoka shingoni, na hapakuwa na sauti. Nyayo za Amin hazikuinuka. Alilia bila kujificha, machozi yakamlowesha ndevu, na miguu yake ilikaa pale ilipokaa kwa kuwa hakukuwa na cha kuinua. Chapuo likaisha. Mwanaima akafuta jasho kwa ncha ya leso, akaenda kutazama wali.

Vumi lilikuja baada ya magharibi. Mwanaima alikuwa amekaa na wanawake na Amin amekaa na wanaume, kukiwa na ukuta wa makuti katikati. Watu waliacha kutafuna. Mistari miwili haikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyetembea, na vumi likapanda, likashuka, likamaliza.

Alfajiri wanaume walipotoka msikitini walimkuta Mwanaima kiwanjani. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa wanawake, peke yake, amejifunika leso hadi kichwani kwa sababu ya baridi. Walisita kidogo, kisha wakajipanga. Bumbumbu la jana likaanza na Amin akacheza. Magoti yake hayakumsaidia sana. Wenziwe wakapunguza mwendo ili wasimwache, na kulipokuwa kunapambazuka kila mtu aliweza kumwona, mzee mwenye elimu yake, akikanyaga chini kwa nguvu zote alizobaki nazo mbele ya mwanamke ambaye hakuinua mguu. Mwanaima hakupepesa macho. Bumbumbu likaisha.

Wanaume walitawanyika kwenda kunywa chai. Ilikuwa imekwisha kwa kanuni, Amin amemkataa naye amekataliwa, na mambo ya aina hiyo yakishakamilika hayasemwi tena Mwanyundo. Amin alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta pumzi.

"Umezeeka vibaya," Mwanaima alimwambia kutoka ng'ambo ya kiwanja. "Lakini unacheza."

"Na kama nisingeondoka?"

Mwanaima aliivua leso kichwani.

"Ningekuwa nimekuchoka zamani," alisema. "Ningependa sana nikuchoke."

Kisha akakunja leso, akaanza kuvuka kiwanja kwenda kumwashia moto bibi harusi, ambaye gari lake la kwenda Galu lilikuwa linakuja saa mbili. Njia ya jikoni inapita hapo hapo. Alipofika katikati alisimama, Amin akainuka, wakawa uso kwa uso kwa muda wa pumzi chache. Hapakuwa na ngoma yoyote. Akaendelea kwenda jikoni.